Kifaa Kinaliona Basi, Nani Anamwona Dereva?

Kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa kwenye basi linaloondoka stendi ya Nyegezi jioni hii kinajua mambo mengi. Kinajua basi liko wapi, linakwenda kasi gani, limesimama wapi na kwa muda gani. Likivuka kilomita 80 kwa saa, kinapiga kelele mbele ya dereva na taarifa inafika kwenye mitambo ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Jambo moja hakilijui: kama mtu aliyeshika usukani yuko macho. Dereva anayesinzia kwenye kilomita 78 kwa saa ni dereva safi mbele ya mfumo. Hana onyo, hana faini, hana kosa. Basi zima la abiria limelala nyuma yake likilindwa na mashine inayoamini kwamba mambo ni shwari.

Hii ni hatari, na tumeizoea kwa sababu kuhesabu kilomita ni kazi nyepesi kuliko kuhesabu usingizi wa binadamu. Tumenunua vifaa, tukafunga vifaa, tukasimama mbele ya kamera tukavisifu vifaa. Dereva tumemwacha kule kule tulikomkuta, amechoka, anaogopa kumuudhi tajiri mwenye basi, anapigana na kope zake peke yake saa tisa usiku.

Nisieleweke vibaya. Mfumo huu wa kufuatilia mabasi, VTS, ulioanza enzi za mamlaka iliyotangulia, SUMATRA, kabla LATRA haijarithi kazi hiyo mwaka 2019, ni jambo jema, na anayetaka ung'olewe hatutakii mema. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakumbuka mabasi yalivyokuwa yakifukuzana barabara ya Musoma kama yako mashindanoni. Tunakumbuka Septemba 5, 2014, mabasi mawili yalipogongana eneo la Sabasaba, Musoma, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Kumfunga dereva kwenye kilomita 80 kulistahili. Kosa letu ni kudhani kwamba tukishapunguza mwendo tumemaliza kazi.

Tupige hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi likienda kilomita 80 kwa saa mwanzo hadi mwisho, bila kusimama Shinyanga, bila chakula Singida, bila mizani, bila tuta hata moja, litatumia karibu saa 14. Kwa hali halisi ya barabara ni zaidi ya hapo. Ndiyo maana utaratibu unataka safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili. Tulipombana dereva kwenye mwendo, na tulifanya vema, tulimwongezea saa za kukaa kwenye kiti. Ilitupasa siku hiyo hiyo kumbana tajiri kwenye mapumziko ya dereva kwa ukali ule ule. Hatukufanya.

Kisha ikaja Oktoba 2023, mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku kucha baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Wafanyabiashara wa samaki na nguo walifurahi, na mimi nilifurahi pamoja nao. Anayetoka Mwanza jioni na kuamkia Kariakoo anaokoa siku nzima ya kazi. Lakini usiku una sheria zake, na hazikutungwa Dodoma. Kati ya saa sita usiku na alfajiri mwili wa binadamu unadai usingizi kwa nguvu kuliko saa nyingine yoyote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde nne, basi limeshakwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Hapo katikati inaweza kuwepo kona, trekta lisilo na taa, au lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti badala ya viakisi. VTS itayarekodi yote hayo kwa uaminifu mkubwa. Itatuonyesha kwamba basi lilikuwa likienda mwendo halali hadi lilipogonga.

Watajibu kwamba madereva ni wawili. Twende tukamwangalie huyo wa pili. Amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, magoti yamegusa dashibodi, kichwa kinagonga kioo kila basi linaporuka tuta. Muziki umefunguliwa hadi mwisho ili mwenzake asilale, kwa hiyo na yeye halali. Konda anapita juu ya miguu yake kila kituo. Saa saba usiku anaguswa bega: "Kamata, mwanangu." Anajimwagia maji usoni, anafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, anashika usukani. Kwenye makaratasi mtu huyu amepumzika. Kwa mwili hajapumzika hata dakika kumi. Na akifika Ubungo au Magufuli Terminal asubuhi, kuna tajiri atakayemwambia ageuze jioni hiyo hiyo. Akikataa, madereva wa kutwa, deiwaka, wako tele getini wanasubiri kiti chake.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba Serikali tayari inayo njia ya kuyajua haya. LATRA inawasajili na kuwathibitisha madereva, na imeleta kitufe cha utambuzi ambacho dereva anakigusisha kwenye mfumo kabla ya kuondoa gari. Kitufe hicho kinasema nani yuko kwenye usukani na tangu saa ngapi. Kikitumika kwa ukamilifu, kinaweza kuonyesha kwamba dereva fulani aliingia Mwanza alfajiri na kutoka tena jioni, na kwamba tangu Jumatatu hajapata usingizi wa kueleweka. Taarifa hiyo ina thamani kuliko tochi zote za polisi zilizojificha kwenye vichaka kati ya Misungwi na Shinyanga. Basi litolewe barabarani kwa uchovu wa dereva kama linavyotolewa kwa mwendo kasi. Na dereva anayemwachia mwenzake kitufe ili jina moja liendeshe safari nzima achukuliwe kama aliyeghushi leseni.

Hata kelele ya VTS yenyewe tumeiharibu. Keti kiti cha mbele kwenye basi la usiku utajionea. Mlio unapigwa, dereva hashtuki. Anapunguza kidogo, unanyamaza, anakanyaga tena. Wengine wamefunika spika kwa kitambaa na gundi ya karatasi. Wapo waliothubutu kuuchezea mfumo wenyewe, na LATRA imeshawafungia wasafirishaji kwa kosa hilo. Lakini hata pale ambapo hakuna aliyechezea kitu, sikio la binadamu likisikia mlio uleule safari nzima linaacha kuusikia.

Ni tabia ya binadamu popote alipo. Mwanasaikolojia wa Uingereza Norman Mackworth aliwakalisha watu mbele ya kitu mfano wa saa, akawataka waone kila mshale unaporuka hatua mbili badala ya moja. Matokeo aliyochapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba baada ya nusu saa tu walianza kupitwa. Mwaka 1983 mwenzake Lisanne Bainbridge akaeleza kwamba kadiri mtambo unavyofanya kazi nyingi zaidi, ndivyo mtu aliyebaki kuusimamia anavyozidi kudorora, na ndivyo anavyozidi kuhitajika siku mtambo unaposhindwa. Mpe mlinzi mbwa mkali, ukirudi usiku wa manane utamkuta mlinzi amelala. Mwizi akija na kipande cha nyama, nyumba haina mbwa wala mlinzi.

Hapo ndipo ninapotaka tuangalie kinachoshuka kwenye meli bandarini Dar es Salaam na kupandishwa huku kwetu. Magari ya mtumba kutoka Japani yanayotufikia sasa si yale ya zamani yaliyokuwa chuma na injini tu. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight mwaka 2008, kamera mbili zilizowekwa juu ya kioo cha mbele zinazotazama barabara. Toyota ikaleta Safety Sense mwaka 2015. Nissan ikaweka ProPILOT kwenye Serena mwaka 2016. Gari linajifunga breki likiona kizuizi, linalia likitoka kwenye mstari, mengine yanageuza usukani yenyewe kidogo kidogo yakiwa barabara kuu. Wataalamu wamezigawa teknolojia hizi katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, na karibu yote tunayoyanunua yako ngazi za chini, ya 0 hadi ya 2. Maana yake ni nyepesi: gari linasaidia, dereva anaendesha, na lawama yote ni ya dereva.

Nani kamwambia hayo mnunuzi wa Mwanza? Maandishi kwenye skrini ni ya Kijapani. Kitabu cha maelekezo, kama hakijatupwa, ni cha Kijapani. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, mwenye gari hajui inaomba nini. Kioo cha mbele kinapasuliwa na jiwe, fundi anaweka kingine na kuibandika kamera kwa macho, bila kuirekebisha kwa vipimo, na kuanzia siku hiyo kamera inatazama pembeni kidogo ya mahali inapodhani inatazama. Halafu dalali anakuja na sifa: "Hili, bosi, linajiendesha lenyewe." Sentensi hiyo ni uongo, na itaua watu.

Wenzetu waliotangulia wameshazika watu kwa uongo huo. Mei 2016 huko Florida, Marekani, mtu aliyekuwa kwenye Tesla yenye mfumo wa Autopilot aliingia ubavuni mwa lori lililokuwa likikatiza barabara. Wachunguzi waligundua kwamba katika dakika 37 za kutumia mfumo huo, gari lilihisi mikono yake kwenye usukani kwa sekunde 25 tu. Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Mitambo ilianza kumwona zaidi ya sekunde tano kabla, ikashindwa kuamua ni kitu gani. Mtu aliyeajiriwa kuketi humo ili aangalie barabara alikuwa akiangalia simu. Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha zaidi ya magari milioni mbili kwa sababu njia zake za kumfanya dereva abaki makini hazikutosha. Na huo ni ulimwengu wenye mistari mipya barabarani, taa njiani na uzio unaozuia wanyama.

Sasa lichukue gari hilo ulilete barabara ya kwenda Magu, jua linazama, moshi wa kuni umetanda. Mstari wa kati umefutika na ule wa pembeni umemezwa na vumbi. Kundi la ng'ombe linavuka na kijana wa Kisukuma nyuma na fimbo yake. Bodaboda inakuja upande wake bila taa, imebeba mama na gunia la dagaa. Mfumo wa kushika mstari hauna mstari wa kushika. Breki za kujifunga zina mipaka ambayo watengenezaji wenyewe wameiandika kwenye vitabu vyao: kiza, mvua, vumbi, kioo kichafu, kitu kinachokatiza ghafla. Karibu kila sharti la kuishusha mashine hiyo akili tunalo hapa, kila jioni. Kitu pekee kinachoweza kumwokoa yule mama wa dagaa ni macho ya mtu aliye makini.

Wala hatuhitaji kwenda Arizona kujifunza maana ya usukani usio na mwenyewe. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliopoteza maisha peke yao walikuwa 228. Wingi wa watu na mizigo ulikiua kivuko kile. Lakini Rais John Magufuli alilieleza taifa pia kwamba nahodha hakuwemo kivukoni, na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Sisi tuliozika ndugu zetu kwenye mwambao huu hatuna ruhusa ya kuambiwa tena kwamba chombo kinaweza kwenda chenyewe wakati mwenye dhamana hayupo. Dereva aliyelala kwenye kiti chake hayupo. Dereva aliyezama kwenye simu hayupo. Dereva aliyeiachia kamera kazi ya kutazama hayupo, hata kama kiwiliwili chake kimefunga mkanda.

Kuna badiliko jingine ambalo halizungumzwi. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko wanajua thamani yake. Lakini foleni ya kivuko, pamoja na karaha yake yote, ilimlazimisha dereva wa Geita na Bukoba kuzima injini, kushuka, kula samaki, kunyoosha mgongo, hata kulala kidogo. Sasa anavuka kwa dakika chache na kuendelea. Mapumziko yale ya lazima yameondoka na hakuna aliyeweka mengine mahali pake. Barabara ikiwa nzuri zaidi, usingizi nao unakuwa mtamu zaidi. Tuliojenga daraja la mabilioni tunashindwaje kujenga vituo vya kupumzikia madereva, vyenye vitanda safi, choo na chai ya moto, upande wa Sengerema na upande wa Misungwi?

Na michomoko tuiseme. Zile Probox na IST zinazobeba abiria kati ya miji yetu ya kanda hii hazina VTS, hazina kitufe, hazina dereva wa pili. Si ajabu kukuta abiria amebanana na dereva kwenye kiti kimoja, goti lake kwenye gia. Dereva wa namna hiyo hana hata nafasi ya kugeuza kiwiko. Askari wanaziona zikipita. Kila mtu anaziona zikipita.

Matajiri wa mabasi nawajua wanachosema: madereva wa ziada ni gharama, nauli imepangwa na Serikali, mafuta yamepanda. Sawa. Nendeni LATRA mkadai nauli inayobeba gharama ya dereva aliyelala usingizi wake wote. Mkiidai kwa hoja hiyo nitaandika kuwaunga mkono. Lakini msiipate faida kwenye usingizi wa mtu. Rubani anayetua uwanja wa Mwanza na abiria wachache kuliko wa basi lenu, saa zake za kazi na za mapumziko zimewekwa kisheria, na zikiisha harushi ndege hata aombwe na nani. Roho ya abiria wa basi si ya bei ya chini kuliko ya abiria wa ndege.

Abiria nao wana sehemu yao. Ni sisi tunaopiga kelele "kanyaga, dereva, tunachelewa!" Ni sisi tunaomwona dereva akichezea simu kilomita nzima na kunyamaza kwa sababu tunaona haya kumkosoa mtu mzima. Ni sisi tunaofika msibani na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya Mungu haina makosa, kweli. Ratiba ya kumwendesha mtu mmoja usiku mbili mfululizo ni kazi ya binadamu mwenye jina, ofisi na namba ya mlipakodi.

Basi yafanyike haya, na yafanyike sasa. LATRA itumie kitufe cha dereva kuhesabu saa za kazi na za kupumzika, na mfumo ulizuie basi ambalo dereva wake hajatimiza mapumziko, hata kama lina abiria wote na tiketi zao. Kila basi la usiku liwe na sehemu halisi ya kulala dereva wa pili, ikaguliwe stendi kabla ya kuondoka kama zinavyokaguliwa tairi. Mabasi mapya yawekewe kamera inayomtazama dereva na kumwamsha macho yanapofumba. Kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 linatakiwa kuwa na mfumo wa kumwonya dereva aliyechoka, kwa hiyo teknolojia ipo na si ndoto. Mwajiri anayemtuma dereva mchovu barabarani ashtakiwe pamoja naye ajali inapotokea. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati gari lililokuwa na redio lilikuwa anasa. Bunge liifumue na kuiandikia zama hizi.

Kwenye magari ya mtumba, Shirika la Viwango, TBS, linapokagua breki na taa likague pia kamera na rada zilizomo. Muuzaji alazimike kumpa mnunuzi maelezo ya Kiswahili: mfumo gani umo, unafanya nini, haufanyi nini, unazimwaje. Dalali anayeuza gari kwa kusema linajiendesha ashughulikiwe kama tapeli. VETA iwafundishe mafundi wetu kupanga kamera upya baada ya kubadili kioo. Na shule za udereva zifundishe waziwazi kwamba msaada wa mashine haupunguzi wajibu wa dereva hata kwa nukta moja.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji miujiza. Yanahitaji mkurugenzi mmoja mwenye ujasiri wa kulizuia basi lililojaa, mbunge mmoja wa kanda hii atakayesimama kudai sheria mpya, na sisi abiria kukataa kupanda gari ambalo dereva wake anapiga miayo kabla hata ya kutoka getini. Mashine zitazidi kuja, na zije. Lakini mwenye kushika usukani awe amelala kitandani kabla ya safari, na yeyote anayemnyima usingizi huo ajibu mahakamani kwa jina lake.